Nafasi Tupu kwenye Hati

Mume wa dada yangu alizaliwa ng'ambo ya mpaka, upande wa Kenya, na kwa miaka kumi na minne aliyoishi nasi Kalemela jambo hilo halikumsumbua mtu. Alikuja na wavuvi akiwa kijana, akaacha nyavu, akalima pamba na mpunga, akajifunza Kisukuma mpaka wazee wakachoka kumcheka. Kisha, katika miaka ya hamsini, kukawa na vurugu huko alikotoka, na serikali ya Waingereza ikaanza kuwasaka watu waliovuka.

Mimi nilikuwa karani wa mizani kwenye kituo cha kununulia pamba. Shule niliishia darasa la nne. Kiingereza nilijifunza mwenyewe, kwa kamusi na kwa karatasi za dukani. Mwenye duka alikuwa akifungia chumvi kwa kurasa za magazeti ya zamani ya serikali, yale ya kutangazia sheria, nami nilizikung'uta, nikazinyoosha na kuzipanga kwa namba zake. Kurasa nyingine zilikwenda na chumvi ya watu wengine. Katika nilizobaki nazo mlikuwa na kanuni za kuwaondoa wageni. Nilizisoma wiki tatu, nikaelewa mambo mawili. Hati ya kumwondoa mtu lazima itaje mahali anakorudishwa, mpaka kijiji. Nafasi hiyo ikiwa tupu, hati haina nguvu. Na mtu ana haki ya kusomewa hati yake kwa lugha anayoielewa.

Nilimkalisha shemeji uani kwake, nikamfundisha kama mwalimu.

"Wakikuuliza ulizaliwa wapi?"

"Nanyamaza."

"Wakikupiga?"

"Nanyamaza. Halafu naomba nisomewe hati."

Dada alikuwa akipepeta mchele. "Huyu anyamaze?" alisema. "Akipishana na mbuzi anamsalimia."

Tulicheka wote watatu. Mimi nilicheka kidogo tu, kwa kuwa nilitaka turudie tangu mwanzo.

Walifika asubuhi kwa gari: afisa Mzungu, askari wawili na mkalimani, mzee wa kabila letu kutoka upande wa Lingeka. Mtu alinikimbilia kituoni, nikaiacha mizani na kwenda. Nilimkuta shemeji amesimama mbele ya nyumba, na afisa ameshamuuliza mara mbili kwao ni wapi.

"Bubu huyu," askari mmoja alisema, akamgeukia dada. "Wewe mama, alikuposa kwa vidole?"

Mwenzake alimchapa shemeji fimbo ya mabega. Ilipigwa kwa nguvu. Nililisikia pigo kabla sijaona alama. Shemeji alisubiri mpaka pumzi yake ikatulia.

"Naomba nisomewe hati," alisema.

Mkalimani alitafsiri. Afisa aliitazama karatasi aliyoishika, kisha akanitazama mimi, niliyekuwa na kalamu mfukoni. Alielewa. Aliikunja ile hati na kuwaambia askari wapande garini. Sitaficha kwamba nilijiona mkubwa saa ile. Nilinyoosha hata shati.

Mkalimani aliomba maji. Dada alipiga magoti akampa kibuyu, na mzee akaketi kwenye kigoda akanywa taratibu. Alipokwisha kunywa alimgeukia shemeji, akamwamkia kwa Kisukuma, kwa upole, kama mtu na mtoto wa ndugu yake.

Salamu ya upande wetu haiishii kwenye kuamkiana. Mkubwa humuuliza mdogo ni wa kwa nani, na mdogo hutaja nyumba ya baba yake, na mahali wazee wake walipozikwa. Asiyejibu hutiliwa shaka kwamba ni mwizi au mchawi. Shemeji alifundishwa hayo na mama yetu kabla ya kuoa, na aliyashika kuliko sisi tuliozaliwa nayo.

"Wa kwa nani, baba?" mzee aliuliza.

Shemeji alichutama, akainamisha kichwa, akajibu. Alitaja jina la baba yake. Akataja kilima alikozikwa baba yake, na kijiji kilicho chini ya kilima hicho. Nilifungua mdomo, lakini alikuwa amekwisha kumaliza.

"Wabeja, baba," mzee alisema, yaani asante. Alirudisha kibuyu, akatembea mpaka garini na kumweleza afisa kwa Kiswahili, polepole, ili nasi tusikie.

Afisa aliikunjua hati juu ya boneti akaandika maneno mawili. Kisha akaniita.

"Ameomba asomewe," alisema. "Ni haki yake. Wewe unajua kusoma."

Nilimsomea. Nilitafsiri neno kwa neno, sikuruka kitu, na nilipofika kwenye wino mbichi nilikisoma kijiji cha baba yake kwa sauti ileile niliyosomea mengine. Shemeji alinisikiliza akiwa bado amechutama. Nadhani hakuwa amejua kosa lake mpaka aliposikia jina lile kinywani mwangu.

"Ndiyo imekwisha?" aliuliza.

"Imekwisha."

"Mimi nilikuwa nasalimia tu, shemeji."

Askari walimwinua. Dada alikuwa angali amepiga magoti, kibuyu mkononi. Gari lilipoondoka aliyamwaga maji yaliyobaki, akaniuliza kama katika karatasi zangu zote hapakuwa na mahali palipoandikwa kwamba mtu anaweza kumnyima mzee salamu.

Nilimjibu kwamba kurasa nyingine sikuzipata.