Kabla ya Hodi, Shangazi Hutazama Kamba ya Nguo

Saa tatu asubuhi, jua limeshakaa uani, na mwanamke mwenye gauni la buluu la zahanati amesimama mbele ya mlango ambao bado hajaugonga. Anatazama kamba ya nguo. Mashati mawili ya kiume, foronya, na nepi tatu.

"Nyumba yenye kichanga, nepi tatu?" anajisemea. "Hapa pana neno."

Ndipo anapiga hodi.

Mtaani wanamwita Shangazi Kamba. Kazi yake ni kuwatembelea waliojifungua kwa mara ya kwanza, awasaidie kunyonyesha na kumlea mtoto. Zahanati humpa posho ndogo. Viatu hujinunulia mwenyewe, na haviishi kuisha.

Zamani alikuwa mfagizi wa wodi ya wazazi. Akipiga deki, aliwaona wasichana wakiruhusiwa mapema, mtoto mkononi, macho yamewatoka.

"Wanakabidhiwa mtoto kama redio," anasema. "Tena afadhali redio, ina maelezo ndani ya boksi."

Wakunga walipoona anavyowatuliza, wakampeleka mafunzoni.

Ndani, mzazi mpya amekaa ukingoni mwa kitanda, mabega juu, matiti yamejaa na kukaza kama mawe. Kichanga kimezongwa mablanketi mawili, usingizi mzito, mapajani mwa mama mkwe.

"Karibu umwone mume wangu," anasema mama mkwe. "Ana adabu huyu! Halii, hasumbui, hata kufua hatuchoki. Baba yake alinitoa roho, lakini huyu mpole."

"Ananyonya?"

"Akishtuka nampa maji ya sukari, kijiko kimoja viwili, analala zake. Mama yake chuchu zimechanika, acha apumzike."

Mzazi anainamisha kichwa. "Shangazi, au mimi sina maziwa?"

Shangazi anampokea mtoto. Anamfungua mtoto mablanketi, anamsugua nyayo. Mguu unarudi polepole, kama mtu aliyeitwa hataki kuitika. Anashika nepi. Kavu.

"Mke mwenzangu," anamwambia mama mkwe, sauti ya chini, "mumeo si mpole. Mumeo ana njaa mpaka nguvu za kulia zimemwisha. Kimya kingi kina mshindo mkubwa."

Akina mama wenzangu, hapo ndipo penye shimo. Nani kati yetu hajamsifu mtoto wa jirani kwa kulala? Maji yanajaza kitumbo, njaa inanyamaza, lakini mwili haujapata kitu. Nasi tunapongezana, tunaaga, tunakwenda zetu.

"Nimelea wanne mimi," mama mkwe anasema. Kijiko bado kimo mkononi.

"Ndiyo maana nakuhitaji. Niletee maji ya uvuguvugu na kitambaa safi. Na viatu vyako viweke karibu. Asiponyonya sasa hivi, tunambeba kwenda zahanati, hatumngoji baba mtu atoke kazini."

Kitambaa kinawekwa juu ya titi. Shangazi anamwonyesha mzazi namna ya kukamua kidogo kwa vidole, mpaka pale peusi panapozunguka chuchu panalainika. Mtoto analazwa kifuani, ngozi kwa ngozi, pua ikielekea chuchu.

"Usimpelekee titi. Mlete yeye. Subiri apanue mdomo kama anayepiga mwayo."

Mtoto anashika ncha tu. Mzazi anauma meno. Shangazi anapitisha kidole pembeni mwa kile kimdomo, anamtoa. Wanajaribu tena, analala. Mama mkwe amekwisha vaa kiatu kimoja.

Wanamsugua mtoto mgongo. Mdomo unapanuka, kidevu kinazama kwenye titi, na chumba kizima kinasikia: kh, kh. Anameza.

"Hapaumi," mzazi anasema, machozi yanamtoka. "Shangazi, hapaumi!"

Hata hivyo, mtoto aliposhiba walikwenda zahanati akapimwe. Shangazi hapendi kuiachia bahati kazi ya mizani.

Aliporudi baada ya siku mbili, kamba ilikuwa imelegea kwa uzito wa nepi, na kilio kilimpokea njiani.

"Mume wangu kaharibika tabia!" mama mkwe alilalamika uani, beseni miguuni. "Anadai chakula kama mwenye nyumba."

"Mpe talaka."

"Thubutu!"

Sasa Shangazi ana jambo moja analolitaka. "Namfundisha mzazi, nikitoka tu, bibi anarudisha kijiko. Nataka siku ya kliniki waje wawili wawili, mjamzito na yule atakayemwuguza akijifungua." Muuguzi mkuu amekwisha mruhusu kutumia chumba cha chanjo, siku zisizo na chanjo. Kilichobaki ni bibi wa kusema na mabibi wenzake.

Macho yake yako kwa mama mkwe.

"Mimi? Niwaambie nini?"

"Kilichotokea."

Mama mkwe anakamua nepi, anaikung'uta, anaitazama.

"Nitawaambia nilimsifia mume wangu njaa," anasema. Anatafuta pa kuianika, na kamba haina nafasi.