Viatu Alivyovishika Baba

Nakumbuka Jumamosi moja, mwanangu, tarehe ishirini na saba Desemba mwaka 2008. Naitaja tarehe kamili kwa sababu mtu akisimulia aibu yake bila tarehe, baada ya muda huanza kuisimulia kana kwamba ilimpata jirani. Hii ni yangu.

Nilikuwa na miaka thelathini na tisa, lakini elimu yangu ndiyo kwanza ilikuwa kijana. Niliingia darasani nikiwa mama wa watoto watatu, nikafanya mtihani wa kidato cha nne pamoja na watoto wa rika la mwanangu wa kwanza, na nilipofaulu nikawa natembea hapa Ipyana, Kyela, kana kwamba barabara imechongwa kwa ajili yangu. Marehemu mume wangu alinitania, "Mama Gwakisa, siku hizi hata kuku unawafukuza kwa Kiswahili sanifu." Nilicheka naye, ila moyoni niliona ananisifu.

Mwaka huo nikapanga siku ya kumfurahisha baba yangu. Mbeya mjini palikuwa pamefunguliwa bustani ya michezo kwa msimu wa sikukuu, yenye farasi wa kuzunguka, magari ya kugongana, na gurudumu kubwa la chuma lililopandisha watu juu mpaka wakaona mapaa ya mji. Nilipanga kila kitu mwenyewe: gari la kukodi, chakula, nani akae wapi, nani apande nini na nani. Nilipompelekea baba habari, alikuwa akigeuza kakao iliyoanikwa mkekani.

"Ndaga, mwanangu," akashukuru. "Nitakuja. Ila kupanda sitapanda. Nitawashikia viatu."

Nilicheka. Baba hakuwa mtu wa kupanda vitu. Tulipokwenda Matema kumsalimia shangazi, sisi wengine tulichukua mtumbwi hadi sokoni Lyulilo, yeye akafuata ufuko kwa miguu, akatukuta tumekwisha kununua vyungu na tunamsubiri. Nikahitimisha kwamba ni mwoga, na kwamba mimi ndiye nitakayemtoa woga.

Hapa yanipasa nikueleze jambo ambalo huenda wewe umelisikia juujuu tu. Kwetu Wanyakyusa, mke wa mtoto wa kiume na baba mkwe wake hawakaribiani. Tunaliita ukutila, yaani kuogopa kwa heshima. Zamani mwanamke alijifunika uso na kuingia migombani mpaka mzee apite. Kufikia mwaka ninaousimulia, mambo yalikuwa yamelegea: wengi walisalimiana kwa mbali, macho chini, na wakasali kanisa moja. Lakini kukaa ana kwa ana, magoti karibu na magoti, hilo halikuwapo, na mzee hakulizungumza hadharani, kwa kuwa kulizungumza tu ni kumvunjia mkwe heshima. Nililijua hilo, mwanangu. Sitajificha nyuma ya kutojua. Nilikuwa nimeamua, kwa niaba ya watu wote, kwamba limepitwa na wakati.

Kaka yangu Ambakisye alikuja na mkewe, Tumpe, na watoto wao. Njia nzima ya kupanda milima kupitia Tukuyu, baba alikaa mbele karibu na dereva, wala hakugeuza shingo. Tumpe alikaa kiti cha nyuma kabisa, kanga mabegani. Mimi nilikaa katikati yao nikiimbisha watoto, nikaona kila kitu, nisitambue nilichokiona.

Kule bustanini, ndala na viatu vya wazi havikuruhusiwa kwenye michezo. Baba akachagua benchi, akavipanga viatu vyote kwa ukubwa, akawa anavifuta vumbi kwa kitambaa chake. Kila mjukuu aliposhuka alimkimbilia.

"Babu, umeniona?"

"Nimekuona. Umepiga kelele kuliko injini."

Mtoto akicheka, baba alicheka zaidi. Siku yake ilikuwa imekamilika pale penye benchi, haikupungukiwa na kitu. Mimi nikaona mzee amekaa peke yake na rundo la ndala, nikaona haya mbele ya watu wa mjini. Fikiria, niliona haya kwa ajili yake.

Nikamwinua kwa mkono mpaka kwenye gurudumu. Kila kikapu chake kilikuwa na viti vinne, viwili vikitazama viwili. Tumpe alikuwa amekwisha kukaa, kwa sababu kitindamimba wake aligoma kupanda bila mama, na nafasi zilizosalia mbele yao nilikuwa nimezipanga mimi: ya baba na ya kwangu.

Baba akamwona mkwewe, akasimama. "Sipandi."

"Tata, unaogopa nini? Hata watoto wamepanda!"

"Nimesema sipandi, mwanangu."

"Jamani, mwoneni mzee wa Kyela anavyoogopa chuma!" Nilisema kwa sauti, ili foleni icheke, nayo ikacheka. Wajukuu wakapokea wakipiga makofi: "Babu mwoga! Babu mwoga!" Ambakisye alikuwa mbali akinunua soda, na laiti angalikuwa karibu angalinizuia.

Baba alinitazama. Hakuweza kusema sababu, nami nilikuwa nimemfungia njia nyingine zote. Nikamsukuma kidogo mgongoni. Akaweka mguu mmoja kwenye bati la kupandia.

Tumpe akavuta kanga mpaka usoni, akamwachia mtoto kiti, akaruka kwa upande wa pili ambako hakukuwa na ngazi. Alianguka kwa magoti kwenye zege. Akajikokota nyuma ya uzio wa injini, akajikunja pale, uso umefunikwa, kitindamimba akimlilia juu kikapuni. Mwendesha gurudumu akafoka, "Huyu mama ana wazimu?" Watu wakacheka tena, na safari hii kicheko sikukianzisha mimi, lakini mwenye kicheko hicho nilikuwa mimi.

Baba akaushusha mguu. Akamchukua mtoto, akamkabidhi kwangu, akarudi kwenye benchi, akaligeuza likatazama ukuta, ili mkwewe apate kuinuka.

Aliniita siku ya pili, baada ya ibada. Nilikwenda na utetezi wangu umepangwa kama insha.

"Nilipokwambia sipandi," alisema, "lilikuwa jibu zima. Wewe ukaona limepungua, ukaliongezea sababu yako."

"Tata, siku hizi mambo—"

"Siku hizi pia watu wana magoti. Mimi kuitwa mwoga si kitu. Ningeitwa hivyo mpaka jioni, nikarudi nimeshiba. Lakini umemfanya mke wa ndugu yako achague kati ya heshima yake na mwili wake, mbele ya watu wanaocheka. Nenda kwake kwanza. Usianze na mimi."

Nilikwenda. Tumpe alikuwa amenyoosha miguu, magoti yamefungwa vitambaa. Nilipiga magoti yangu mazima mbele yake. "Inuka, wifi," akasema, "utachafua gauni la kanisani." Alinisamehe kwa utani, na utani ule ulinichoma kuliko ambavyo matusi yangenichoma.

Wiki hiyohiyo nilimkuta baba penye kakao na majirani zake wakimwuliza habari za Mbeya. Hakujua niko nyuma yake. Akawaambia, "Binti yangu alinipeleka mahali pazuri sana. Wajukuu walipanda mpaka mawinguni. Mimi niliwashikia viatu." Akaishia hapo. Aliishia hapo kila alipoulizwa, mpaka tulipomzika, na wazee wenzake walimsindikiza kaburini wakijua nilimheshimu.

Sasa ni mimi ninayepangiwa siku. Wajukuu zangu wakinipeleka kwenye michezo yao, nachagua benchi, nawapangia viatu kwa ukubwa, na goti langu likiniuma au lisiponiuma, nasema sipandi. Mpaka leo hakuna aliyeniuliza kwa nini, nami nawapenda kwa hilo.

Basi shika haya, mwanangu. Unapompangia mzazi wako siku ya furaha, mwulize kwanza yeye anafurahia nini, kisha umwachie nafasi aliyoichagua, hata kama machoni pako ni benchi tupu. Akikataa jambo, usimtafutie jina la kukataa kwake, tena usilitaje mbele za watu. Huenda ananyamaza kwa ajili ya mtu ambaye wewe hukumwona. Na elimu yako, ambayo naifurahia kuliko unavyodhani, isikufanye uamue peke yako ni heshima ipi ya wenzako imekwisha muda.

Mungu akujalie wazazi wako wazeeke karibu nawe. Akupe macho ya kuona aliyekaa mbele na aliyekaa nyuma. Na siku yako ya kukaa kwenye benchi itakapofika, watoto wakukimbilie bila viatu, wakuulize kama umewaona, nawe uwe umewaona wote.