Aliyeleta Maji Lindi

Walimchora akicheka. Ukuta mzima wa ukumbi pale Lindi, sehemu moja ya Kibera hapa Nairobi, umejaa picha za watu wa maana wa huko, kila mmoja na mistari mitatu minne chini yake ya kumtambulisha. Mwanzo wako askari Wanubi waliopewa msitu huu na serikali ya mkoloni, halafu wakaachwa wahangaike na karatasi za ardhi mpaka wajukuu wao. Hao sina neno nao. Halafu kuna fundi seremala mwenye nyumba aliyefundisha nusu ya mtaa kutengeneza vitanda. Naye sina neno naye. Wa tatu ndiye yeye, na kofia yake, na chini wameandika: "Mzee huyu ndiye aliyeleta maji Lindi."

Huo ni uongo. Mimi shule niliachia darasa la tano, lakini mstari huo niliusoma vizuri.

Nilikuwa nimetoka Kawangware, ninakoishi sasa, kuja matanga ya jirani wa zamani. Rangi ilikuwa bado mbichi. Nikasimama hapo na nguo zangu za matanga, nikausoma tena.

Maji ya Lindi yaliletwa na mama yangu na wanawake wengine kumi, wapangaji wote. Nilikuwa na miaka kumi na mbili, nikibeba udongo kwa karai. Walichimba mtaro kutoka mtaa wa Olympic, kwenye bomba kubwa, mpaka kwetu, Jumapili tano, wakitoka kanisani wanavua viatu na kushika majembe ya kuazima. Na huyo mzee? Alikuwa mwenye nyumba, na kazi yake ilikuwa kusimama na kusema bomba litokee mbele ya ploti yake. Mwaka haukuisha kabla hajajenga kibanda cha mabati juu ya mfereji, pale maji yalipotokea, akaweka mlango, akaweka kufuli, akaanza kutuuzia maji ya mtaro wetu wenyewe.

Miaka ikapita, moto ukaja. Ulikuwa mchana, stovu ya mtu iliripuka na upepo ukafanya kazi yake. Tulikimbia na ndoo mpaka kwa mfereji, tukakuta kufuli. Mzee alikuwa mjini. Mtoto wake wa kiume, kijana mkubwa wa rika langu, alikuwa amesimama hapo na ufunguo mkononi. Alisema baba hajamwambia afungue. Nilikuwa hatua tatu kutoka kwake, nilimsikia na masikio yangu. Wanaume walipovunja mlango kwa mawe, safu yetu ya vyumba ilikuwa imeshakwisha. Binti yangu alikuwa na miaka minne. Nilimtoa ndani kwa mikono hii, ambayo mpaka leo haikunjiki vizuri, lakini jioni haikumkuta.

Sasa naambiwa nimshukuru kwa maji.

Kijana aliyekuwa juu ya ngazi akipaka rangi aliniona nimeganda. "Niaje, mathe. Umependa kazi?"

"Nani alikwambia huyu alileta maji?"

"Tuliuliza wazee wa mtaa."

"Wazee gani?"

"Wenye nyumba. Wapangaji ni watu wa kuhama, mathe. Leo wako Lindi, kesho Kawangware."

"Mimi ndio huyo wa Kawangware. Nilihama kwa sababu nyumba iliungua, na maji yalikuwa yamefungwa na huyo unayemchora meno."

Alishuka. Nilimweleza yote, mtaro na kufuli. Akauliza mama yangu alikuwa nani, nikamwambia alikuwa akiuza uji pale kwenye kona mpaka alipofariki mwaka jana. Uso ukambadilika. Akatoa daftari kwenye begi.

"Huyo tulimhoji. Tulimuuliza yeye ni mtu wa wapi. Akasema, 'Mimi ni mtu wa Siaya, hapa nilikuja kutafuta tu.' Basi hatukuendelea naye. Tulikuwa tunatafuta watu wa hapa."

Nilitaka kumzaba kofi. Halafu nikakumbuka kwamba hata mimi ukiniuliza nitakujibu hivyohivyo. Wapangaji wote tunajibu hivyo. Mwingine atakwambia Kitui, mwingine Machakos, na amezaa Lindi na kuzeekea Lindi. Kwetu ni pale tutakapozikwa, hapa tumekuja kutafuta. Mimi Siaya nimefika mara chache, na kila mara ni mazishi. Wenye nyumba wanapenda sana tukijibu hivyo, kwa sababu nani atamwandika mgeni ukutani?

"Rangi imenunuliwa na mtoto wa huyu mzee," kijana alisema, "lakini brashi ni yangu. Niletee mtu mmoja anayeishi hapa, aliyekuwepo. Nitaufuta mstari huo leo leo."

Kati ya wale kumi na mmoja amebaki mmoja. Anauza omena, dagaa wa ziwani, Kisumu Ndogo, hapo hapo Kibera. Nilimpeleka kijana mbiombio, tukamkuta akipima kwa mkebe.

"Mama, mwambie huyu ni kina nani walichimba mtaro wa maji."

Aliangalia vidole vya kijana vilivyojaa rangi. "Mtaro upi?"

"Ule mliochimba na mama yangu."

"Nimezeeka, nyathina, mwanangu. Vitu vingi vimenitoka kichwani."

"Jembe lilikukata mguu siku ile. Kovu si hilo hapo?"

Alivuta leso akafunika mguu. "Hilo ni la shamba, nyumbani."

Kijana alimshukuru kwa heshima akaondoka kwenda kumaliza kofia ya mzee.

Tulipobaki wawili, mama yule alinishika mkono akaniambia pole pole kwa Kijaluo, "Chumba ninacholala ni cha mtoto wa yule mzee. Aking'oa mlango, nitaenda wapi?" Na ni kweli, Lindi mtu hafukuzwi kwa barua. Wanakuja wanang'oa mlango wa chumba chako, wanaenda nao, unalala wazi mpaka uchoke uhame mwenyewe. Alinifungia omena kwenye gazeti. Nilikataa kuzichukua. Njia yote ya kurudi Kawangware nilijaribu kumkasirikia, ikashindikana, na hasira yote ikarudi kwa mwenye ufunguo.

Mimi silali kwake. Mlango wangu hawezi kuung'oa. Kwa hiyo nimeandika mimi, na mwandiko wangu wa darasa la tano.

Maji ya Lindi yaliletwa na mama yangu, muuza uji, mtu wa Lindi, pamoja na wanawake kumi waliochimba na majembe ya kuazima. Mzee aliye ukutani aliyafunga. Siku ya moto ufunguo ulikuwa kwa mtoto wake, na hakufungua. Mtoto huyo yuko hai, anakusanya kodi, na anajua nilimwona.