Alama Mbili za Mazungumzo

Kwa miaka mingi mtu huyu alikula kwa mdomo wake. Mashine ya kunyolea ilikuwa mkononi, lakini kilichowaleta watu kwenye kiti chake ni maneno. Wateja walipita vibanda vya vinyozi wengine, vyenye vioo vikubwa na viti vya kuzunguka, wakaja kungoja zamu kwenye benchi lake lenye mguu mmoja mfupi, kwa sababu kwake palikuwa na soga. Alijua nani kanuniana na shemeji yake, nani anaoza binti, nani anajifanya yuko bize kumbe anakwepa nyumbani. Na mtu aliyefiwa akikaa kwenye kile kiti, alimnyoa polepole huku akimuuliza habari za marehemu, mpaka mwenyewe anajikuta anacheka na machozi yakimtoka.

Hakupanga kuwa kinyozi. Shule alimaliza vizuri, ila baba yake akaugua mwaka uleule, na wadogo zake bado walikuwa darasani. Mjomba wake akampa mashine iliyokwisha kutumika, akamwambia ashike hiyo kwa muda. Huo muda ukamzalia mke, binti mmoja, na upara mdogo utosini ambao wateja hawakuacha kumtania nao.

Chuo kikuu kilipotangaza nafasi kwa watu wazima, yeye alisoma tangazo akalikunja. Aliyelikunjua ni mkewe, karani wa posta, mwanamke wa maneno machache yenye uzito.

"Nenda," alimwambia.

"Na duka?"

"Binamu yako anajua kunyoa. Nenda. Ukibaki hapa utakuja kunilaumu mimi uzeeni, na mimi uzeeni nataka kupumzika."

Basi akaenda, saa nyingi kwa basi kutoka nyumbani, akaandikishwa kusomea ualimu wa Kiingereza. Siku ya kwanza wanafunzi walijitambulisha mmoja mmoja kwa Kiingereza. Wengine walikuwa na nusu ya umri wake, na maneno yaliwatoka kama maji ya bomba. Zamu yake ilipofika alitaka kusema kwamba alikuwa kinyozi, sasa anataka kuwa mwalimu. Aliloweza ni kusema kwamba yeye ni kinyozi, kisha akakaa. Darasa likacheka, si kwa ubaya, na kuanzia siku hiyo jina lake likawa Kinyozi.

Mhadhiri wao walimwita Madam. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni, na alikuwa na sheria moja: mlangoni mwake Kiswahili kinavuliwa kama viatu. Kujipima ndiko kulikokuwa msingi wa somo lake. Aliwaeleza kwamba kila Ijumaa kila mtu atajipa alama mwenyewe, kati ya kumi, katika kusikiliza, kusoma, kuandika na kuzungumza, na ataeleza kwa nini amejipa alama hizo. "Mimi nitawapima mwisho wa muhula," alisema kwa Kiingereza chake cha taratibu. "Siku nyingine zote mjipime wenyewe. Ukijidanganya, umemdanganya mtu anayelala kitandani kwako."

Kusoma na kuandika, Kinyozi alijipa saba, mara nane, na kwa haki. Kamusi aliichakaza. Kwenye kuzungumza alijipa mbili. Wiki iliyofuata, mbili. Kwenye karatasi ya kujipima kulikuwa na swali lililouliza umezungumza na nani juma hili, na kuhusu nini. Wenzake walijaza mpaka pembeni. Yeye aliandika: mkutubi, kuhusu kitabu kilichochelewa kurudi. Juma jingine aliandika mkutubi tena, kuhusu kitabu kilekile.

Hakuwa mtu wa kuchukiwa. Vijana walimsalimia kwa heshima, na hiyo heshima ndiyo iliyomuua. Alipokaribia meza yao ya chakula walinyanyuka kumpisha kiti, wakaacha utani wao, wakaanza kuzungumzia mitihani. Akajifunza kula upesi. Chumba chake kilikuwa nyuma ya duka la fotokopi, na mchana kutwa mashine ilinguruma ukutani kama mtu anayekoroma. Ilipozimwa jioni alihisi kama mwenziwe wa chumba ametoka. Alijaribu kujisemesha Kiingereza mwenyewe wakati wa kufua. Mwenye nyumba akamchungulia dirishani, akamuuliza kama ana mgeni, maana wageni hawaruhusiwi.

Nyumbani alipiga simu kila jioni mwanzoni. Lakini mkewe alirudi kutoka kazini amechoka kusema na watu wa foleni, na Kinyozi mwenyewe alikuwa hana la kusimulia. Afanye nini, amsimulie mkutubi? Simu zikawa za salamu, afya ya mtoto, na usiku mwema.

Muhula wa pili Madam alianza sehemu aliyoiita utamaduni wa wenye lugha. Alisema mtu anaweza kujua maneno yote na bado asijue lini ayaseme. Walijifunza jinsi wenye Kiingereza chao wanavyoomba radhi kwa aliyewakanyaga, wanavyokataa mwaliko bila kusema hapana, wanavyokaa mbali mbali kwenye benchi moja. Kila mmoja achague jambo moja alichunguze. Kinyozi alichagua vinyozi.

Siku nyingi alikaa kwenye kona ya maktaba amevaa vifaa vya kusikilizia, akitazama video za vinyozi wa nchi za Kiingereza wakiwa kazini. Wengine walipiga domo kama yeye wa zamani, na mioyo yao aliielewa hata maneno yakimponyoka. Lakini video moja ilimkalia kifuani. Mzee aliingia, akatundika koti, akakaa. Kinyozi wake hakuuliza kitu. Alimnyoa kuanzia kisogoni mpaka kwenye masikio, akampangusa, wakashukuriana, mzee akatoka. Hakuna aliyeonekana kukasirika. Kinyozi wetu aliirudia mara kadhaa, akitafuta ugomvi ambao haukuwepo. Mwisho akaelewa kwamba kwa watu wale unyamavu wa aina hiyo ni adabu, hata ni urafiki. Akaandika kazi yake juu ya hilo, na Madam akaisifu mbele ya darasa. Ila kichwani kwake alikuwa amekaa na yule mzee. Alijiuliza huyo mzee anarudi nyumbani kwa nani.

Likizo ikafika, akapanda basi kwenda kwao. Asubuhi ya pili alikwenda dukani, binamu yake akamwachia mashine kwa furaha, kwani wateja walikuwa wakimuulizia. Wa kwanza kukaa alikuwa seremala mmoja, mteja wake wa tangu zamani, mtu mwenye nywele ngumu na hadithi nyingi. Kinyozi alimfunga kitambaa shingoni, akawasha mashine, akaanza kazi. Alinyoa upande wa kulia, akanyoa upande wa kushoto. Seremala alikohoa. Alisema kitu kuhusu mvua, akajibiwa "ndiyo". Watu wa benchi wakawa wanatazamana. Alipopanguswa, seremala aligeuka kwenye kiti akamtazama usoni.

"Fundi, nimekukosea nini?"

"Hujanikosea kitu."

"Kama kuna neno limekufikia, niambie tulimalize hapahapa. Mimi si mtu wa kuwekeana vinyongo."

"Hakuna neno, kaka. Kweli kabisa."

Seremala alitoka bila kuridhika. Na Kinyozi mwenyewe ndipo aliposhtuka. Hakukusudia kunyamaza. Alikuwa ameyatafuta maneno pale yalipokuwa yakikaa siku zote, akakuta pakavu. Kiingereza kilikuwa hakijaingia, na Kiswahili, kwa kukosa mtu wa kusema naye, kilikuwa kimelala usingizi.

Mtaa hauna siri. Kabla ya jua kutua mkewe alikuwa ameulizwa na watu watatu kama wamegombana ndani. Hakumwambia siku hiyo. Binti yao ndiye aliyelisema, akiwa anakula, bila hata kuinua macho: "Baba siku hizi anakaa kama mgeni." Mama akamwambia ale chakula chake.

Siku ya kuondoka, mkewe alikuwa akimkunjia mashati. Alikunja moja, akalikunjua, akalikunja tena.

"Nikuulize kitu, na usikasirike," alisema.

"Uliza."

"Hiyo lugha unayoitafuta, siku ukiipata, hapa utakuwa unaongea na nani?"

Kinyozi alikaa ukingoni mwa kitanda. Alitaka kumwambia kwamba hata huko hana wa kuongea naye, kwamba anakula upesi, kwamba anamfahamu mkutubi kuliko anavyojifahamu. Lakini angempa mzigo wa kubeba wakati ndiye aliyempa nauli ya moyo ya kwenda. Akasema basi litamwacha. Mkewe akafunga begi.

Aliporudi chuoni, zamu yake ya kujipima kwa mdomo ilikuwa imefika. Hilo lilifanyika ofisini kwa Madam, watu wawili tu, mlango umefungwa, makabati ya chuma pande zote na feni inayolia. Madam alikuwa na karatasi zake zote mbele yake. Alimuuliza kwa Kiingereza kwa nini mtu anayeandika namna hii anajipa mbili kila wiki.

Kinyozi alifungua mdomo kutoa jibu fupi alilolikariri. Kilichotoka ni seremala. Alimsimulia Madam habari ya kile kiti, ya mashine, ya upande wa kulia na upande wa kushoto, ya lile swali, nimekukosea nini. Nyakati za vitenzi zilimchenga, jana ikawa kesho. Neno la kitambaa cha shingoni hakulijua, akalionyesha kwa mikono. Akasema habari ya meza ya chakula. Akasema alilosema binti yake, na alilouliza mkewe. Madam hakumsahihisha hata mara moja, na kalamu aliiweka chini mapema. Alipomaliza, makwapa yake yalikuwa yamelowa.

"Sasa hivi unajipa ngapi?" Madam aliuliza.

Alifikiri. "Sita."

"Mimi ningekupa tano. Vitenzi vyako ni aibu." Kisha akavua miwani, ikaning'inia kifuani, na kwa mara ya kwanza tangu wamjue akasema Kiswahili, tena cha nyumbani kabisa. "Mimi niliposoma huko kwa wenye Kiingereza chao nilikaa msimu mzima wa baridi bila mtu kuniita jina. Nilikuwa nakwenda dukani kununua kitu kimoja kimoja, ili kesho niwe na sababu ya kurudi. Nilipokuja likizo, mama yangu akadhani nimelogwa."

"Ilikwishaje, Madam?"

"Haikwishi yote. Inapungua. Kiswahili chako kitaamka, ukikitumia. Na mkeo ulimjibu nini?"

"Sikumjibu."

"Umemwambia haya uliyoniambia mimi?"

"Hapana."

"Basi umekosea mtu wa kumwambia," alisema Madam, akavaa miwani yake na kumwita mwanafunzi mwingine.

Kinyozi alimpigia mkewe mchana ule ule, akiwa amesimama nje ya duka la fotokopi. Alimsimulia yote, kuanzia kula upesi. Ilimchukua muda, na mara nyingi alikwama. Mkewe alimsikiliza wakati foleni ya posta inanung'unika. Mwishoni akasema, "Ungeniambia mapema ningekuletea mtoto hata wikiendi moja." Kisha akasema ana wateja.

Alimleta, mara mbili mwaka ule. Siku nyingine zote zilibaki zilivyokuwa: maktaba, chumba, mashine ukutani. Vijana waliendelea kumpisha kiti. Alianza kuwanyoa wawili watatu Jumamosi, na wakiwa kwenye kigoda walizungumza naye kidogo, kisha wakaenda zao.

Alimaliza na shahada ya daraja la kati, akapangiwa shule ya sekondari ya mbali na kwao. Mkewe hakuweza kuhama, kazi ya posta haihamishiki hivihivi, kwa hiyo Kinyozi hurudi nyumbani kila mwisho wa mwezi. Anaishi nyumba ya walimu, chumba cha mwisho. Wanafunzi wake huwataka wajipime kila Ijumaa, na huwa anaanza na karatasi za wale waliojipa mbili. Huwaita mmoja mmoja barazani, anawapa kiti, na kwanza anawauliza kwa Kiswahili habari za kwao.