Fundi wa Angani Hakuwahi Kuswali

Mimi ni fundi wa lifti. Kariakoo ya sasa ni ghorofa juu ya ghorofa, na kila jengo lina lifti inayogoma, kwa hiyo kazi sikosi. Kabla sijaingia kwenye shimo la lifti huwa naweka kiganja kwenye fremu ya mlango na kusema, "Bismillahi, natawakali kwa Allah. Mikono ni yangu, kazi ni Yako." Wenzangu wanaume walinicheka mwanzoni, halafu wakazoea, na mmoja wao siku hizi haingii shimoni mpaka mimi niwe nimeisema. Wakiniuliza nimeitoa wapi, nilikuwa nawajibu kwamba nimeitoa kwenye muvi. Nilidhani nawaambia ukweli.

Niliacha kuswali nikiwa kidato cha pili. Hakikutokea kitu kikubwa. Nilisoma fizikia, nikaona kila jambo lina maelezo yake, nikamwambia mama kwamba madrasa sirudi tena na mswala wangu ampe mwingine. Mama kazaliwa mtaa wa Gerezani, katika nyumba ambayo adhana ndiyo iliyokuwa saa ya ukutani, nami nilikuwa nimejiandaa kwa vita. Hakupigana. Alinitazama kidogo, kisha akaendelea kusukuma chapati. Alikuwa akiuza chai, chapati na supu kwa watu wa maduka ya mtaani kwetu, na katika wateja wake walikuwamo vijana wa studio ya kutafsiri muvi, juu ya duka la mabegi.

Asiyezijua muvi za kutafsiriwa nimweleze. Muvi ya nje inachukuliwa, mtu mmoja anakaa mbele ya maiki katika chumba kilichozibwa kwa magodoro, anapunguza sauti za wenyewe, halafu anawasemea wote kwa Kiswahili: baba, mama, mtoto, na mbwa ikibidi. Huyo tunamwita dijei, ingawa muziki hapigi. Dijei hatafsiri tu, anapika. Polisi wa kule ng'ambo anaomba hela ya soda, jambazi anakimbilia Magomeni, na mke aliyeachwa anatoa maneno ambayo hata mwenye muvi yake hakuwahi kuyafikiria. Tuliwapenda kwa hayo. Kiingereza cha kuwakagua wengi wetu hatukuwa nacho.

Ndipo dijei wa juu ya duka la mabegi akaanza kutoa tamthilia ya angani. Ilikuwa habari ya chombo kikubwa kilichoondoka duniani zamani sana. Watu wanazaliwa humo, wanazikana humo, na bado hawajafika. Kila jioni wanakusanyika ukumbini kuisikiliza Sauti itokayo darini, na Sauti hiyo ndiyo wanayoiabudu. Asiyekwenda ni mmoja tu, dada fundi wa mitambo, mwembamba, mikono imejaa grisi.

Tamthilia za namna hiyo nilikuwa nimeziona nyingi, na zilikuwa zinanikera hata nilipokuwa siswali. Waandishi wake wana mchezo mmoja. Mwenye dini lazima awe mjinga, au kichaa, au muuaji aliyevaa joho, na mwenye akili ni yule mwenye spana. Wanawabeba miungu mpaka kwenye nyota ili tu apatikane mtu wa kuwafungua na kutuonyesha nyaya. Lakini huyu wa safari hii alikuwa na vyote viwili. Kabla ya kila tengenezo alisimama, akafumba macho, akaweka kiganja kwenye mlango wa mtambo, midomo ikacheza. Vipande vya mwanzo dijei hakumsemea kitu hapo, halafu tukaanza kusikia, "Bismillahi, natawakali kwa Allah. Mikono ni yangu, kazi ni Yako." Kisha anaingia gizani kufunga waya.

Nilimpenda yule dada kuliko walimu wangu wote. Alinipa ruhusa ambayo sikujua kwamba naitafuta, ya kuwa na fizikia yangu na Mungu wangu bila kumwomba mtu radhi. Waliobaki ukumbini waliisujudia Sauti kwa woga, yeye alimwomba Mola wake kisha akashika bisibisi. Nilitaka kuwa hivyo. Nikaja kuwa hivyo kweli, maana ufundi nilikwenda kuusomea kwa sababu yake.

Mama, ambaye TV alikuwa haitaki, alianza kukaa na mimi jioni, miguu ameinyoosha kwenye mkeka baada ya kusimama kutwa. Mara fundi afumbe macho, mama ananiambia nirudishe nyuma, hakusikia vizuri. "Eti huyo dada anasemaje?" Namweleza, nimejaa fahari, neno kwa neno. Anaitikia kwa kichwa, anasema alaa, kumbe na wasomi wanaomba. Jioni moja muvi ilipokwisha nilikwenda uani kutia udhu bila kuambiwa na mtu. Niliporudi nikakuta ametandika mswala wa pili kando ya wake.

Mwishoni mwa tamthilia fundi alishuka hadi tumboni mwa chombo akaikuta Sauti. Dijei akatutangazia kwamba lilikuwa jini lililojifanya Mungu, na fundi akalisomea Ayatul Kursi mpaka likazimika. Mtaa mzima ulifurahi. Wapo waliozungumzia siku hiyo wiki nzima.

Miaka ikapita, nikasoma ufundi, na Kiingereza kikanijia kidogo kidogo kupitia vitabu vya lifti. Mwaka jana kijana mmoja wa kazini alikuwa na tamthilia ileile kwenye simu yake, ya asili, isiyoguswa na dijei. Nilimwomba anirushie. Nilitaka kumsikia fundi wangu kwa sauti yake mwenyewe, na niliisubiri siku yangu ya mapumziko kwa hamu.

Akasimama, akafumba macho, akaweka kiganja mlangoni. Midomo ikacheza. Alikuwa anahesabu. Moja, mbili, tatu, nne, apate kutulia, basi. Nikadhani nimekosea kipande. Nikatazama kingine na kingine, na kote alikuwa anahesabu. Huko tumboni mwa chombo hapakuwa na jini lolote. Palikuwa na mashine inayocheza maneno waliyorekodi wazee wa kwanza, ili watoto wao wasikate tamaa njiani. Fundi anakaa chini mbele yake, analia, anasema hakuna Mtu, hajawahi kuwapo Mtu. Kumbe yeye ndiye aliyekuwa hamwamini Mungu yeyote tangu mwanzo, na tamthilia nzima ilitungwa ili afike hapo na kuyasema hayo.

Nilihisi nimeibiwa. Si kwamba mwanamke wa kubuni ana deni kwangu la kuswali. Lakini mimi nilirudi kwenye mswala nikiamini kuna mwenzangu aliyetangulia njia hiyo, na kumbe njia haikuwapo, palikuwa na mwanamume mmoja tu anayejisemea mbele ya maiki. Nikamfuata.

Studio haipo tena. Dijei sasa ana kibanda karibu na stendi ya mabasi ya mwendokasi, anajaza watu muvi kwenye flashi. Nilikuwa na hasira lakini shikamoo nilimpa, akaitikia marahaba, akanikumbuka kwa chapati za mama. Nikamwuliza ni nani alimpa ruhusa ya kumswalisha mtu asiyeswali, tena kwa faida ya biashara. Alicheka. Kisha akaniangalia usoni, akaacha kucheka.

"Mdogo wangu, mimi vipande vya mwanzo hapo anapohesabu nilimpita tu bila kumsemea neno," alisema. "Mama yako ndiye aliyepanda juu na chupa ya chai. Aliniambia ana binti hasikii la mtu ila la huyo dada wa kwenye muvi, basi nimtie dua. Na maneno kanipa yeye. Wateja wakayapenda, nikaendelea. Nilijua unajua. Si alikuwa anakuja kila kipande kuuliza safari hii fundi atasemaje?"

Nilitembea kwa miguu hadi nyumbani na njia nzima nilikuwa nasikia kitu kimoja tu, mama akiniambia nirudishe nyuma, hakusikia vizuri.

Nilimkuta anachambua mchele. Nikamwambia nimetoka kwa dijei, na hakujifanya haelewi. Alisema ndiyo, alimwomba, na kama ningekuwa mtoto wa kusikia asingepanda zile ngazi. Akaniuliza, je, angeniambia yeye, ningeyashika? Nikasema hapana. Akasema basi, na akarudi kwenye sinia lake, jambo limekwisha.

Kwangu halikuwa limekwisha. Nilimwambia kwamba kumtia mtu maneno mdomoni naweza kumsamehe, lakini mimi alinikalisha pale jioni baada ya jioni akiniuliza anasemaje, hali anajua. Alinitazama nikimfundisha dua yake mwenyewe.

"Nilikuwa nataka kuyasikia kinywani mwako," alisema.

Nilichukia kwamba jibu lile lilikuwa zuri. Nilichukia pia kwamba hakuomba radhi, wala sura yake haikuonyesha kwamba kuna la kuombea radhi. Mwanawe alikuwa amepotea, akamrudisha, kwa njia iliyokuwapo. Ila mimi nilikuwa nimejiona nimerudi mwenyewe, kwa miguu yangu, na hicho ndicho kitu pekee katika dini yangu nilichokuwa nakionea fahari.

Magharibi ikaadhiniwa. Mama akanawa, akatandika miswala miwili, akasimama kwenye wake akanisubiri. Nilitia udhu, nikajifunga kanga, nikasimama bega kwa bega naye, maana nisingeweza kumwacha amesimama vile peke yake. Akasoma kwa sauti yake ndogo ya nyumbani. Alipoinama niliinama, aliposujudu nilisujudu, na tangu takbira ya kwanza mpaka salamu ya mwisho sikutia nia wala sikusema neno hata moja. Nilikuwa nahesabu. Alipomaliza alinigeukia uso umemtulia, akaninyooshea mkono kama siku zote, akasema Mungu atutakabalie. Nikaupokea, nikamwambia amin.