Kikohozi cha Mama Sindano

Akina mama wa mtaani walimwita Mama Sindano, na jina hilo walilitumia kuwatisha watoto wasiotaka kula. Mwenyewe alicheka tu. Ujana wake wote ulikuwa umeishia kwenye chumba cha chanjo cha zahanati, akishika mapaja ya watoto wa watu, na siku hizi jioni alirudi nyumbani kula na redio. Mumewe alikwishatangulia mbele ya haki. Binti yake wa pekee alikuwa ameolewa mji mwingine, na kwa miaka mingi hakujaliwa mtoto.

Basi simu ilipokuja kwamba amepata mjukuu wa kiume, mtu mzima na heshima zake aliangua kilio bila aibu. Akaomba likizo, akafunga virago.

Sebuleni kwa binti yake alikuwa ameshanawa, ameshakaa, ameshanyoosha mikono ampokee mtoto, ndipo kikohozi kikambana. Cha kwanza akakimeza. Cha pili kikampinda mgongo. Kilikuwa kimemwanza tangu juzi, naye, mjuzi wa vikohozi vya mtaa mzima, akajidanganya kuwa ni vumbi. Hamu ya mjukuu ilikuwa imempofusha.

"Ni uchovu wa safari huo, mama," mkwewe akasema.

Mama Sindano akarudi nyuma hadi mlangoni, mtandio mdomoni. "Mrudisheni chumbani. Huenda ni kifaduro. Mimi mkubwa nitakohoa tu, lakini kichanga hukatika pumzi. Na huyu umri wa kuchanjwa bado."

"Na kama ni mafua tu?" binti akauliza. "Mshike kidogo, mama. Miaka yote hiyo nilikuwa naomba nimpate ili umshike."

"Kesho nitakwenda kupimwa. Leo hapana."

Machozi yakamlengalenga binti. "Watoto wa watu umewashika wote. Mimi nilikuwa nakungoja mpaka nasinzia. Na huyu naye akungoje?"

Maneno hayo yalimchoma, maana yalikuwa kweli tupu. Akaomba kiti, akaenda kukaa barazani.

Jioni binti akamletea sahani, hasira zimemwisha, akataka kuketi naye ngazini wapige soga kama zamani. Mama mtu alilitamani hilo kuliko chakula chenyewe.

"Weka hapo, uende," akamwambia. "Wewe ndiye unayenyonyesha."

Binti akaingia ndani. Punde akatokea nyuma ya kioo cha dirisha, amemwinua mtoto. "Mwone bibi yako yule," akasema.

Mama Sindano alitaka kuitika, amwambie mjukuu wake karibu duniani. Kikohozi kikamwahi. Akageuza uso, akainuka, akaenda kukoholea mbali, kule getini, ameshika nguzo.

Aliporudi, pazia lilikuwa limeshashushwa.