Skrini Iliyosema Mama Analala

Jumamosi nilikuwa kwenye duka la jumla la maji ya kunywa, mtaa wa Hai Jalaba, nikisubiri katoni zangu. Fundi Mkenya alikuwa amewawekea dashibodi ya mauzo, yaani grafu yenye mstari wa kila tawi, kwenye seva ya kukodi mtandaoni, na siku hiyo alikuja kuonyesha wiki ya kwanza kwenye skrini kubwa ukutani. Mwenye duka aliitazama kama mzazi kwenye mahafali.

Kisha akauona mstari wa tawi la Hai Mauna. Siku tano umelala chini kabisa, Jumamosi umepaa.

"Huyu mama analala wiki nzima! Khalas, imetosha, tawi nampa mtu mwingine."

Mama mwenyewe, Mganda anayesimamia tawi hilo, alikuwa amesimama palepale, daftari kwapani. "Mzee, mimi iko nauza kila siku. Network ya Mauna ndiyo iko nalala. Jumamosi nakuja hapa kwa ofisi, naingiza yote."

Fundi akakuna kisogo. "Boss, system inahesabu siku ya kuingiza, si siku ya kuuza."

"Sasa zamani nilikuwa najuaje?"

"Ulikuwa unanipigia simu kila jioni," mama akamjibu. "Uliacha ulipoleta hii televisheni."

Mwenye duka akakohoa. Tawi likabaki la mama.

Alhamisi nilipita tena. Mstari wa Mauna ulikuwa umenyooka vizuri. Karani wa duka aliniambia bosi anampigia mama simu kila jioni, kisha yeye karani anaingiza mauzo. Bosi mwenyewe alikuwa mbele ya skrini, akiwaeleza wageni kwamba siku hizi kila kitu kinajiendesha chenyewe.